Kitochi, Mita na Mkono wa Jirani

Simu ndogo ya vitufe tumeibatiza kitochi. Haikupewa jina la kazi yake ya kupiga na kupokea, ilipewa la kijitaa kilichochomekwa kichwani mwake. Mama wa vitochi ni Nokia 1100, iliyoingia sokoni mwaka 2003 na kuuzwa duniani zaidi ya milioni 200. Kwenye vimeza vya mafundi simu Mwanakwerekwe, hapa Unguja, ambako watu wa shamba na wa mjini hupishana kutwa, sababu ya kudumu kwake inaonekana wazi: kava la mbele linabanduka kwa kucha, na chini yake vitufe vyote ni kipande kimoja cha mpira. Vumbi halipati pa kupenyea kirahisi. Likipenya, fundi huchukua mswaki wa meno na spiriti, akasugua, akarudishia. Waliobuni hivyo wanastahili sifa zao. Ila wanapewa na sifa isiyo yao: ati simu ile ilikuwa nyepesi hata mtu akaielewa peke yake mara tu alipoishika. Historia ya Unguja inasema vingine. Hapa kifaa huwa chepesi baada ya mtaa kukijua, na wepesi huo ni elimu ambayo walioipata wamesahau kwamba waliwahi kufundishwa.

Redio ndiyo shahidi wa kwanza. Sauti ya Unguja ilikuwa hewani tangu 1951, lakini mwaka 1954 Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili, aliyetaka kuisikia ilimbidi aisake kwenye masafa mafupi. Sijui chombo cha nyumbani kilicho kigumu kuliko hicho. Stesheni zimebanana, kifundo ukikisogeza unywele mmoja umeshaingia katika lugha nyingine, na usiku sauti inapanda na kushuka kama maji ya bahari. Kwa vipimo wanavyojivunia wabunifu wa leo, redio ile ilistahili kuwashinda watu. Haikuwashinda, kwa sababu ilisikilizwa barazani na mikahawani, wengi kwa chombo kimoja, na aliyejua pa kuusimamisha mshale aliwaonyesha wenzake. Televisheni ya rangi ilipofika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walingoja televisheni ya aina yoyote hadi 1994, mambo yalikuwa yaleyale: seti chache, macho mengi.

Simu ya mkononi ilitengenezwa iwe ya mtu mmoja, lakini mtaa haukuipokea hivyo. Kubipu hakukubuniwa na mhandisi yeyote wa Finland. Ni watumiaji waliogundua kwamba mlio usiopokelewa haukatwi pesa, wakakubaliana wenyewe maana yake: nimefika, nipigie, shuka chini. Kukwangua vocha nako kulifundishwa hivyohivyo, kijana akimbonyezea bibi yake mara mbili tatu, ya nne bibi akibonyeza mwenyewe. Kisha umeme wa Unguja, unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, ukakatika: kuanzia 21 Mei hadi 18 Juni 2008, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Simu zilichajiwa kwa wenye jenereta, zikarudi nyumbani kuwa taa. Na mita za TUKUZA, za umeme wa kulipia kabla, zilipoenea, hazikuleta picha wala maelezo; zilileta kioo kidogo, vitufe vya tarakimu, na namba ya tarakimu 20 ya kuingiza. Mkono uliozoea vocha ulizitambua. Mmoja anasoma tarakimu za risiti nnenne, mwengine anabonyeza, na akikosea wanaanza upya pamoja.

Atakayepinga atasema kwamba ninasifu uvumilivu wa watu waliouziwa vifaa visivyowafikiria, na kwamba sifa hiyo inavipa viwanda ruhusa ya kuzembea. Pingamizi lina uzito, lakini linakosea mahali pa kumdai mbunifu. Mbunifu mzuri hamwondoi mwalimu. Anahakikisha kilichofundishwa hakiozi. Nokia waliacha menyu na vitufe vifanane toleo baada ya toleo, kwa hiyo aliyejifunza kwenye simu ya kaka yake hakuanza alifu kwa simu yake. Mwaka 2007 wakatoa Nokia 1200, yenye orodha kadhaa za majina kwa simu inayotumiwa na watu wengi: kiwanda kilikuwa kinaufuata mtaa. Mwengine atasema simu ya kupangusa imemaliza mjadala, maana hata asiyejua kusoma anatuma ujumbe wa sauti. Ni kweli, na si faida ndogo. Lakini simu hiyo imefungwa kwa alama ya kidole cha mwenyewe, na programu zake zikisasishwa usiku, asubuhi kitufe alichoonyeshwa na jirani hakipo pale. Betri yenyewe imegundishwa ndani, na mswaki wa fundi haufiki kirahisi.

Mita, kwa ukimya wake, ndiyo iliyotoa mtihani mkubwa kuliko wote. Mfumo wa namba za tarakimu 20 unaotumika katika nchi nyingi duniani ulihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ingejaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeanzishwa upya kabla ya hapo isingekubali tena umeme ulionunuliwa. Mamilioni ya nyumba ikabidi ziingize namba mbili ngeni, moja baada ya nyingine kwa mpangilio, kisha ndiyo ile ya umeme wenyewe. Ni tarakimu 60, bila picha, kwenye vitufe vilevile, mmoja akisoma na mwengine akibonyeza.