Mwezi Ambao Mji wa Kale Ulifungwa

Wanachama wengi waliojiunga karibuni, hasa vijana waliokulia ng'ambo, hutuuliza mfuko wa dharura wa chama ulitoka wapi na kwa nini hauguswi hata karo za watoto zinapopungua. Jibu lake ni historia ya mwezi mmoja, na tumeona tuiandike humu kabla haijabaki hadithi ya barazani tu.

Tuanze mbali kidogo. Kufungiwa si jambo geni kwa mji huu. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira Fort Jesus, Ngomeni kama tunavyoita wenyewe, na ndani yake Wareno walikuwa pamoja na watu wa pwani, wanaume kwa wanawake. Waliowaua wengi zaidi hawakuwa maadui waliokuwa nje. Yalikuwa maradhi. Kufikia katikati ya 1697 Wareno wa ngomeni walikuwa wamekwisha kufa, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake mpaka msaada ulipofika. Wageni wanaozuru Ngome huambiwa sana habari za mizinga, na habari za waliokuwa wakigawana chakula na maji mle ndani huambiwa kidogo mno.

Bandari nayo imetuletea neema na balaa kwa mlango mmoja. Kipindupindu cha 1869 na 1870, alichokiandika daktari James Christie aliyekuwa Unguja, kilisafiri na misafara ya bara kisha na majahazi ya pwani. Homa kuu ya 1918 iliingia Kenya kupitia Mombasa mwezi wa Septemba, vita vikiwa bado havijakwisha na wapagazi wakirudi makwao wamedhoofu. Katika miji kadhaa ya pwani wazee walikuwa wakimzungusha ng'ombe mjini Siku ya Mwaka kabla ya kumchinja, ili mji ukingwe na mabaya. Kuna wanaocheka mila hiyo siku hizi. Sisi tunaona ilikuwa na hekima moja: iliufanya mji mzima utembee pamoja kwenye mpaka wake na kujua nani yumo ndani.

Sasa 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi. Kabla ya mwezi kwisha misikiti na makanisa yalikuwa yamefungwa, na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri imeanza. Tarehe 8 Aprili kaunti yote ya Mombasa ikazuiwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha Jumatano tarehe 6 Mei, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, utafungwa peke yake kwa siku 15. Masoko na mikahawa ikaamriwa kufungwa. Tulikuwa tayari kisiwani ndani ya kaunti iliyofungwa, tukawa kisiwa ndani ya kisiwa.

Ilikuwa Ramadhani. Asiyeujua mji wetu hataelewa uzito wa neno hilo. Mwezi huo ndio unaowalisha watu mwaka mzima: mama anayekaanga viazi karai na bhajia mlangoni pake, anayepika kaimati na mkate wa sinia kwa oda, muuza kahawa na mabuli yake baada ya tarawehe, fundi cherehani wa kanzu na nguo za watoto za Idi. Hamali wa Bandari ya Kale na mwongoza watalii wa Ngomeni walikuwa wamekwisha kukosa kazi tangu Machi. Na maalimu wa madrasa, ambao hatukuwafikiria upesi kwa kuwa hawalalamiki, walikuwa wakiishi kwa ada ndogo za wanafunzi. Chuo kikifungwa, hakuna ada. Mtu anayekula leo kwa alichopata leo hawezi kuambiwa akae ndani siku 15 kama anavyoambiwa mwenye mshahara.

Wengi waliogopa pia kupimwa. Si kwamba watu hawakuujua ugonjwa. Waliogopa kupelekwa karantini kwa gharama zao wenyewe, waliogopa jina la nyumba kutajwatajwa mtaani, na zaidi ya yote waliogopa kuzikwa bila jamaa. Mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu. Kwa mji ambao jeneza hupokezanwa begani mpaka makaburini na hata mpita njia huingia kulibeba hatua saba, hilo liliumiza kuliko njaa.

Chama kilifanya nini? Kusema kweli, chama kilifuata. Kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa na akina mama wa upatu. Wao ndio walioijua kila nyumba: nani ana mgonjwa wa sukari, nani ana wapangaji watano chumba kimoja, nani jiko lake halijawashwa tangu juzi lakini atakufa kabla hajaomba. Waliandika daftari mtaa kwa mtaa, Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu na kwengineko, na sisi tukakabidhiwa daftari hilo na kazi ya kutafuta pesa. Kumbukumbu za vikao vya mwezi ule zimejaa majina ya wanaume, ndiyo maana tunalisema hili hapa waziwazi.

Walitufundisha pia namna ya kutoa. Rai ya kwanza ilikuwa watu wapange foleni uwanjani, wapigwe na picha za kuwatumia wafadhili. Akina mama wakakataa kabisa. Futari tangu zamani huvuka barabara katika sinia iliyofunikwa kawa, na anayepokea hurudisha sinia na chochote alicho nacho, hata ndimu mbili. Basi unga, mchele, mafuta, sukari na tende vikapelekwa mlangoni kabla ya kafyu, mikobani, na mpelekaji anasema, “Mama amesema mfuturu na hiki.” Mama gani, hakuna aliyeuliza. Nyumba zilizotoa na nyumba zilizopokea zilipelekewa mikoba iliyofanana, asijue jirani ipi ni ipi. Kaunti nayo iligawa chakula kwa kaya, na pale ambapo orodha yake iliruka nyumba, daftari liliikamata.

Pesa nyingi zilitoka nje, kwa ndugu zetu wa Ghuba, Uingereza na Marekani, ambao nao walikuwa wamefungiwa huko huko na baadhi wamesimamishwa kazi. Za ndani zilikuja kidogo kidogo. Tangu Machi kutuma shilingi 1,000 au chini kwa M-Pesa kulikuwa bila ada, na jambo dogo hilo lilitusaidia mno, kwa sababu sadaka ya shilingi 50 iliweza kuvuka kizuizi cha polisi bila kuliwa njiani. Baadhi ya wenye nyumba walisamehe kodi ya mwezi. Baadhi hawakusamehe, na majina yao hatuyaandiki.

Siku 15 zilipokwisha zikaongezwa. Idi ikatukuta katika wiki ya tatu ya kufungwa. Watu walisali majumbani, baba akiwa imamu wa watoto wake sebuleni, na takbiri zikapokezanwa roshani kwa roshani katika vichochoro vyetu vyembamba. Amri iliondolewa mwanzoni mwa Juni. Kaunti nzima ikafunguliwa Julai.

Lililotushinda ni maji. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara, na mifereji ilikuwa mikavu. Maji ya bomba ya kisiwani hutoka mbali, Mzima na Baricho, na yakikatika sisi hurudi kwenye visima vyetu vya kale ambavyo maji yake ni ya chumvichumvi. Wasukuma mikokoteni waliokuwa wakituletea mitungi walikuwa upande wa pili wa kizuizi. Kuna nyumba ambazo sehemu ya sadaka yao iliishia kwenye maji.

Ndiyo maana mkutano mkuu uliamua mambo mawili. La kwanza, fungu moja la kila mchango litiwe katika mfuko wa dharura na lisitolewe ila mtaa ukifungwa, ukifurika au ukiungua. La pili, visima viwili vya msikitini vifukuliwe, vijengewe matangi na pampu, yawepo maji ya kunawia na kufulia bomba likikauka. Kisima cha kwanza kimekwisha na kinatumika. Cha pili kimefukuliwa na kufunikwa mbao, kinangoja tangi na pampu, na mchango wa mwaka huu ni wa hicho. Daftari la mitaa bado liko kwa akina mama, na huandikwa upya kila Shaabani.