Dau la Chumba: Miaka ambayo Mgeni Alitaja Bei ya Hoteli

Kupanga bei ya chumba cha hoteli ni kazi ya mwenye hoteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kampuni moja iitwayo Priceline iliigeuza desturi hiyo. Mteja wake ndiye aliyetaja bei kwanza. Alichagua mji, eneo la mji, tarehe na idadi ya nyota za hoteli aliyoitaka, akaandika kiasi alichokuwa tayari kulipa kwa usiku mmoja, akaweka namba ya kadi yake ya benki, kisha akangoja. Dau lake likikubaliwa, fedha zilikatwa papo hapo, na hapo ndipo alipoambiwa jina la hoteli aliyoipata. Hakukuwa na kughairi, kubadili tarehe wala kurudishiwa fedha. Wasafiri wa kipato cha kawaida walilala kwa njia hiyo katika hoteli za nyota nne za New York, Chicago na San Francisco ambazo kwa bei ya kaunta wasingezikaribia.

Chanzo cha biashara hiyo ni chumba kinacholala kitupu. Mkate usiouzwa leo huenda ukauzwa kesho, ila usiku wa leo ukipita bila mgeni, mapato yake yamepotea moja kwa moja. Gharama ya kumpokea mgeni mmoja zaidi ni ndogo: mashuka, maji, sabuni, umeme na ujira wa mhudumu wa vyumba. Kwa hiyo hata dola 60 kwa chumba kinachouzwa kwa 200 ni faida, mradi chumba hicho kingebaki kitupu. Ugumu uko kwingine. Hoteli ikitangaza dola 60 hadharani, mfanyabiashara aliyekuwa tayari kulipa 200 naye atataka kulipa 60, na makampuni yenye mikataba ya mwaka mzima yatadai punguzo hilohilo.

Mashirika ya ndege yalikwisha kukutana na tatizo hilo. Mwaka 1985 American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilianza kuuza tiketi za bei nafuu zenye masharti magumu: kulipa mapema na kukubali vizuizi vya safari. Mtalii aliyavumilia masharti hayo, mfanyabiashara hakuyaweza, na hivyo kila mmoja akalipa kwa kadiri ya uwezo na haraka yake. Kampuni ya hoteli ya Marriott ilijifunza mbinu hizo, na kompyuta zikaanza kukadiria vyumba vingapi vitunzwe kwa ajili ya mgeni wa dakika za mwisho anayelipa ghali. Hata hivyo makadirio hayakuondoa vyumba vitupu. Kilichokosekana ni njia ya kuuza kwa bei ya chini bila bei hiyo kuonekana.

Njia hiyo ilibuniwa na Jay Walker, mjasiriamali aliyekuwa na kampuni ya ubunifu iitwayo Walker Digital. Wazo lake lilikuwa kwamba mnunuzi atoe ahadi ya kununua yenye bei na masharti, akiifunga kwa kadi ya benki ili asiweze kurudi nyuma, na wauzaji waamue kimyakimya kama wanaikubali. Tarehe 11 Agosti 1998 Marekani ilimpa hataza namba 5,794,207 kwa utaratibu huo. Ilitoka wiki chache tu baada ya mahakama ya rufaa kuthibitisha, katika kesi ya State Street, kwamba njia ya kufanya biashara inaweza kulindwa kwa hataza. Wanasheria na wanauchumi wengi walilalamika, na walikuwa na hoja nzito: kutaja bei ni jambo la kale kuliko fedha zenyewe, na ilikuwa vigumu kuona kwa nini mtu mmoja alimiliki kwa sababu tu amelipitisha kwenye kompyuta.

Priceline ilifungua milango Aprili 1998 ikiuza tiketi za ndege. Vyumba vya hoteli vilifuata Oktoba mwaka huohuo. Matangazo yalifanywa na William Shatner, mwigizaji Mkanada aliyejulikana kwa tamthilia ya Star Trek, aliyekubali kulipwa kwa hisa. Tarehe 30 Machi 1999 hisa za kampuni ziliingia sokoni kwa dola 16 kila moja na kufunga siku kwa dola 69. Kampuni ambayo bado ilikuwa ikipata hasara ikathaminiwa karibu dola bilioni 10.

Kwa upande wa hoteli, utaratibu ulikuwa rahisi. Hoteli iliweka ndani ya mfumo bei ya chini kabisa iliyokuwa tayari kuipokea kwa kila tarehe, na iliweza kuibadili au kuiondoa wakati wowote. Mteja hakuiona bei hiyo. Dau lake likiizidi, Priceline ilichukua chumba, ikailipa hoteli bei yake na kubaki na tofauti pamoja na ada ya huduma. Yaani aliyeweka dau la dola 95 kwa chumba ambacho hoteli ilikitoa kwa 70 alilipa 95, wala hakujua. Jina la hoteli lilifichwa kwa makusudi. Mfanyabiashara mwenye mkutano mtaa fulani, au mwanachama anayekusanya pointi za hoteli fulani, asingekubali kulipia asichokijua, kwa hiyo alibaki kulipa bei kamili. Mteja wa Priceline kwa kawaida hakupata pointi, hakuweza kudai aina ya kitanda, na alihakikishiwa tu chumba kinachotosha watu wazima wawili. Kwa maneno mengine, alikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, akiambiwa mapema ukubwa wa mbuzi na zizi alikotoka.

Ukubwa ulikuwa ni nyota, na zizi lilikuwa ni eneo. Priceline iliigawa miji mikubwa katika maeneo madogo na kuzipanga hoteli kwa madaraja ya nyota, nusu nyota zikiwemo. Mteja alihakikishiwa kwamba hatapelekwa nje ya maeneo aliyoyachagua wala chini ya daraja aliloomba. Dau likikataliwa, hakuruhusiwa kurudi mara moja na kiasi kikubwa zaidi, maana angepanda dola moja moja mpaka aigundue bei ya siri. Ilimbidi angoje, na kwa miaka mingi muda huo ulikuwa saa 24, au abadili kitu kingine katika ombi lake: aongeze eneo, ashushe nyota au abadili tarehe.

Ni katika sharti hilo la kubadili kitu ndipo ustadi wa wanunuzi ulipozaliwa. Tuseme msafiri anataka hoteli ya nyota nne katikati ya mji, si kwingine. Anaanza na dau la dola 70 kwa eneo hilo peke yake; linakataliwa. Anachunguza maeneo mengine ya mji huo na kugundua kwamba matatu kati yake hayana hoteli yoyote inayozidi nyota tatu. Anaongeza la kwanza na kupandisha dau hadi 80. Kwa kuwa bado anadai nyota nne, na eneo jipya halina hoteli ya nyota nne, hawezi kamwe kupelekwa huko. Ila mfumo unaona ombi limebadilika na unampokea tena. Likikataliwa anaongeza la pili kwa dola 88, kisha la tatu kwa 95. Amepata nafasi nne kwa siku moja bila kuhatarisha chochote. Mji wenye maeneo mengi ya nje yasiyo na hoteli kubwa ulikuwa neema kwa mnunuzi mvumilivu. Wanunuzi walipeana orodha za maeneo hayo, wakaambizana madau yaliyokubaliwa na majina ya hoteli yaliyofichuka, hadi mtu makini akaweza kukisia karibu bila kukosea chumba atakachopata. Siri iliyokuwa nguzo ya biashara yote ililiwa taratibu na wateja wenyewe, jambo linalostahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi nzuri za ushirikiano wa wanunuzi katika miaka ya mwanzo ya intaneti.

Wasio makini waliumia. Mtu alikosea tarehe kwa siku moja na fedha zikapotea. Familia iliyotarajia vitanda viwili ilikuta kimoja. Wengine waliona nyota walizoahidiwa hazilingani na hoteli waliyoikuta, na hapakuwa na mahali pa kurudisha chumba. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Septemba 2000 ofisi ya Connecticut ya Better Business Bureau, taasisi inayosimamia uaminifu wa wafanyabiashara kwa wateja, ilifuta uanachama wa Priceline, na mwanasheria mkuu wa jimbo akafungua uchunguzi. Mwezi uliofuata WebHouse Club, kampuni dada iliyowaruhusu watu kutaja bei ya vyakula vya dukani na petroli, ilifungwa kabla haijatimiza mwaka. Sababu iko wazi. Mkebe wa maharage haupotei usiku ukiisha, na mwenye duka hakuwa na haja ya kuuza kwa bei ya mnunuzi, hivyo punguzo lote lilitoka mfukoni mwa kampuni. Kufikia mwisho wa mwaka 2000 hisa ya Priceline iliuzwa chini ya dola 2, na Walker akaondoka.

Washindani nao walikuwa wameingia. Expedia, iliyokuwa ya Microsoft, ilianzisha huduma ya kutaja bei ya hoteli. Priceline ikaishtaki Oktoba 1999 kwa kukiuka hataza, na shauri likamalizika kwa suluhu mwaka 2001, Expedia ikikubali kulipa mrabaha. Hotwire, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa ubia wa mashirika kadhaa ya ndege na wawekezaji wa Texas Pacific Group, ilichukua njia ya busara zaidi: ilificha jina la hoteli lakini iliionyesha bei. Mteja hakuwa na la kukisia ila jina. Wengi walipendelea hivyo, kwa sababu kutaja bei humwachia mnunuzi wasiwasi kwamba huenda angepata kwa chini ya alicholipa.

Kilichoiokoa Priceline ni hoteli. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari zilipungua ghafla na hoteli za miji mikubwa ya Marekani, New York ikiwa mojawapo, zikabaki na vyumba vingi mno. Mashirika ya ndege yalianza kupunguza safari na kuuza tiketi za nafuu kwenye tovuti zao wenyewe, ila jengo la hoteli halipunguzwi. Vyumba vilivyojengwa vipo kila usiku. Chini ya Jeffery Boyd, aliyekuwa mtendaji mkuu kuanzia mwishoni mwa 2002, kampuni iliegemea vyumba kuliko tiketi. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya neema kubwa kwa waweka dau. Serikali za miji hazikufurahi: kodi ya kitanda ilihesabiwa kwa bei ndogo iliyopokelewa na hoteli, si kwa kiasi chote alicholipa mgeni. Los Angeles na San Antonio ni kati ya miji iliyokwenda mahakamani dhidi ya makampuni ya kuuza vyumba mtandaoni, na kesi hizo zilidumu miaka mingi.

Wakati huohuo kampuni ilikuwa ikinunua kitakachoufuta mnada wake. Mwaka 2004 ilichukua Active Hotels ya Uingereza kwa dola milioni 161, na mwaka 2005 ikachukua Bookings ya Amsterdam kwa takriban dola milioni 133. Mbili hizo ziliunganishwa na kuwa Booking.com. Ulaya ilikuwa imejaa hoteli ndogo za kifamilia ambazo hazikuwa na jina kubwa la kuficha. Zilihitaji kuonekana, na Booking.com ilizionyesha kwa picha, bei na maoni ya wageni, mwenye hoteli akilipa kamisheni baada ya mgeni kulala. Utaratibu huo ndio uliofika Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Dau la Priceline halikupata makazi Afrika Mashariki.

Mwaka 2012 tangazo moja la televisheni lilimwonyesha mhusika wa Shatner, bingwa wa kupatana bei, akiangamia katika ajali ya basi. Lilikuwa tangazo la kibiashara lenye ujumbe wa wazi: kampuni ilitaka wateja wajue kwamba inauza pia vyumba vya bei iliyopangwa. Mwaka huohuo ilianzisha Express Deals, ambako bei huonekana na jina la hoteli hufichwa, kama Hotwire ilivyokuwa ikifanya tangu mwanzo. Simu za mkononi zilimaliza kilichobaki. Kwenye kioo kidogo watu hawakuwa na subira ya kukokotoa maeneo na kungoja saa 24, na programu kama HotelTonight ziliwapa chumba cha usiku uleule kwa kugusa mara chache. Huduma ya kutaja bei ya tiketi za ndege ilifungwa mwaka 2016, na ile ya hoteli ikafuata miaka ya baadaye.

Hukumu ya haki kwa biashara hiyo ni kwamba ilimnufaisha aliyekuwa na muda wa kuisoma na kumwadhibu aliyeingia kwa pupa. Ilijaza vyumba ambavyo vingelala vitupu, na iliwafungulia hoteli kubwa watu ambao bei ya kawaida ilikuwa imewafungia nje. Februari 2018 kampuni mama ilibadilisha jina na kuitwa Booking Holdings. Sehemu kubwa ya mapato yake hutoka Booking.com, ambako mgeni huona jina la hoteli, picha na bei kabla hajalipa.