Chuo Kikuu cha Kisangani: Chuo Kilichozaliwa na Makanisa Yetu

Katika mikutano yetu ya kanda, kuanzia Uvira mjini mpaka Baraka na Fizi, swali moja linarudi kila mwaka: je, kanisa letu nalo lifungue chuo kikuu? Wengine husema ndiyo kabla hata ya kuhesabu matofali. Wengine husema kazi ya kanisa ni Injili tu. Kabla ya kujibu, inafaa tujue habari ya chuo kikuu cha kwanza ambacho Waprotestanti walikifungua katika nchi yetu. Chuo hicho kingalipo, kina wanafunzi maelfu, lakini si chetu tena. Vijana wengi wanaosoma huko hawajui kwamba kilianzia mikononi mwa makanisa.

Kwa ufupi

Jina la leo: Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS. Jina la kwanza: Université Libre du Congo, ULC, yaani Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mahali: Kisangani, zamani Stanleyville, kando ya mto Kongo. Mwaka wa kuanzishwa: 1963. Waanzilishi: misioni na makanisa ya Kiprotestanti. Kilitwaliwa na serikali mwaka 1971, kikapata jina lake la sasa mwaka 1981.

Kwa nini makanisa yalitaka chuo

Wazee wetu wanakumbuka kwamba wakati wa Wabelgiji shule za Kiprotestanti zilikuwa kama mtoto wa kambo. Fedha za serikali zilikwenda kwa misioni za Kikatoliki, ambazo nyingi ziliongozwa na Wabelgiji wenyewe. Misioni za Kiprotestanti, zilizotoka Uingereza, Marekani, Sweden, Norway na kwingineko, zilihesabiwa kuwa za wageni, na shule zao hazikupata msaada huo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiyo maana wengi wa wazee wetu walisoma mpaka kuweza kusoma Biblia na kuandika barua, kisha njia ikaishia hapo.

Masomo ya juu yalichelewa kwa wote. Lovanium, chuo cha Wakatoliki, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Chuo cha serikali cha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilifuata miaka miwili baadaye. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata thelathini katika nchi nzima. Nani angekuwa mganga, hakimu, mwalimu wa sekondari?

Makanisa ya Kiprotestanti yaliona kwamba hayawezi kukaa kimya. Wakatoliki walikuwa na chuo chao magharibi, serikali ilikuwa na chake kusini. Kaskazini-mashariki hapakuwa na kitu. Basi mwaka 1963 ULC ikafunguliwa Stanleyville.

Mwaka mmoja, kisha vita

Chuo hakikupata hata miaka miwili ya amani, na hapa habari hii inagusa pwani yetu. Uasi wa mwaka 1964 ulianza upande wetu, katika bonde la Ruzizi na milima iliyo juu yake. Mwezi wa Mei Uvira ilianguka mikononi mwa waasi. Moto ule ukateremka Fizi, ukafika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ukapanda Kindu, na mwanzoni mwa Agosti Stanleyville yenyewe ikaanguka. Wale walioitwa Simba wakaushika mji wa chuo.

Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Kibelgiji waliteremka Stanleyville kuwaokoa mateka. Siku hiyo hiyo aliuawa daktari Paul Carlson, mmisionari kutoka Marekani, pamoja na mateka wengine. Wakongo waliokufa katika miezi ile, kabla na baada ya siku hiyo, walikuwa wengi mno, na majina yao hayakuandikwa katika magazeti ya dunia.

Chuo kilihamishiwa Léopoldville. Na nani alikipokea? Lovanium, chuo cha Wakatoliki. Waprotestanti waliosema kwa miaka mingi kwamba wamenyimwa nafasi, sasa walipewa vyumba vya kusomea na ndugu waliowaona kuwa washindani. Hilo tusilisahau. Hali ilipotulia, ULC ilirudi kwenye mto wake.

Mwaka 1971: chuo chachukuliwa

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana barabarani wakidai hali bora ya maisha na sauti katika uongozi wa vyuo. Askari waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium walipotaka kuwakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wanafunzi wake wakaandikishwa jeshini kwa nguvu.

Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vyote vitatu, cha Wakatoliki, cha Waprotestanti na cha serikali, kuwa kimoja: Université Nationale du Zaïre, UNAZA. Uongozi ukawekwa Kinshasa. Masomo yakagawanywa kati ya miji: udaktari, sheria na uchumi Kinshasa; lugha na elimu ya jamii Lubumbashi; elimu ya ualimu, saikolojia na sayansi za viumbe Kisangani. Masomo ya kilimo yaliwekwa Yangambi, kilomita kama mia moja kuteremka mto kutoka Kisangani, kwenye kituo kikubwa cha utafiti kilichoachwa na Wabelgiji.

Kwa hiyo makanisa yalikishika chuo chao miaka minane tu, na sehemu ya miaka hiyo ilipita uhamishoni.

Teolojia yatolewa mlangoni

Ndani ya UNAZA teolojia ilidumu kidogo. Mwaka 1974 serikali iliyafuta masomo ya teolojia katika chuo cha taifa. Waprotestanti walibaki na kitivo kisicho na nyumba. Makanisa, yaliyokuwa yameungana ndani ya Kanisa la Kristo, yalikichukua kitivo hicho na kukitunza Kinshasa kwa mikono yao wenyewe. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1994, kikakua kuwa Université Protestante au Congo, UPC, chenye pia uchumi, sheria na baadaye udaktari. Wachungaji na walimu wengi wa teolojia katika nchi hii wamepita pale.

Angalieni jambo hili. Kile chuo kikubwa chenye majengo kilitutoka. Kile kitivo kidogo kilichofukuzwa ndicho kilichokuwa mti.

Maisha ya wanafunzi Kisangani

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, na kampasi ya Kisangani ikawa chuo kikuu chenye jina lake. Leo mwanafunzi anayefika huko kutoka Uvira anakuta mji wenye lugha mbili, Kiswahili na Lingala, na atazisikia zote mbili katika sentensi moja. Atapanda toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, na dereva wake huenda ni mwanafunzi mwenzake anayetafuta pesa ya silabasi. Atazoea pondu badala ya sombe, ingawa ni majani yale yale, na atazikumbuka ndagala na mikeke za nyumbani.

Masomo kwa miaka mingi yalikuwa ya miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Sasa nchi inafuata mpango mpya wa LMD. Mwanafunzi mpya huitwa bleu, na wakubwa humtania, wakati mwingine kwa ukali usiostahili. Mwalimu husoma, darasa linaandika. Vitabu ni vichache, na mara nyingi kitabu pekee ni silabasi ya mwalimu, inayouzwa. Minervali isipolipwa, jina halibandikwi ukutani siku ya matokeo. Mshahara wa walimu ukichelewa, kuna mgomo, na mwaka mmoja wa masomo unaweza kuchukua miezi kumi na minane.

Na vita imeufuata mji huo tena na tena. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, majeshi mawili ya kigeni katika mji usio wao. Makombora maelfu yaliangukia mitaa ya watu, na raia mamia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile katika nchi yetu. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani walilala chini ya vitanda. Waliobaki hai walirudi darasani.

Pamoja na hayo yote, kazi ya elimu haikufa. Walimu wa Kisangani wanajulikana kwa kuchunguza samaki, mimea na wanyama wa msitu na mto. Mwaka 2010 walishiriki safari kubwa ya utafiti juu ya mto Kongo, iliyoitwa Boyekoli Ebale, pamoja na wataalamu wa Ubelgiji. Sisi wa Uvira tunaielewa kazi ya namna hiyo, kwa sababu kituo cha utafiti wa maji, CRH, kipo hapa mjini kwetu, na kinachunguza ziwa letu.

Vyuo vya zamani vya Scotland

Tusifikiri kwamba shida hizi ni za Kongo peke yake. Huko Scotland, kaskazini mwa Uingereza, chuo cha St Andrews kilipata kibali cha Papa mwaka 1413. Nacho kilizaliwa na kanisa, nacho kiliona damu. Mwaka 1528 kijana Patrick Hamilton alichomwa moto mbele ya chuo kwa sababu ya mafundisho ya Matengenezo. Mpaka leo herufi za jina lake ziko katika mawe ya njia, na wanafunzi hawazikanyagi; husema atakayezikanyaga ataanguka mtihani. Mwaka 1560 viongozi wa Matengenezo huko waliandika mpango wa kuweka shule katika kila parokia, ili mtoto wa maskini naye afike chuoni.

Na maskini walifika. Zamani katika vyuo vya Scotland kulikuwa na siku ya mapumziko katikati ya majira ya baridi, Jumatatu ya Unga, ili mwanafunzi aende nyumbani kujaza tena mfuko wake wa unga wa shayiri. Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu. Nilipokuwa shule ya teolojia, mama yangu alinitumia unga wa muhogo katika lori lililopanda Ngomo, na siku mfuko ulipofika, chumba kizima kilikuwa na marafiki. Hata Julius Nyerere, aliyesoma Edinburgh kuanzia 1949 mpaka 1952, aliingia katika desturi hiyo ya watoto wa wakulima wanaosoma kwa juhudi.

Chuo chao kimepita miaka mia sita. Hakikusimama kwa sababu hakikupatwa na mambo. Kilisimama kwa sababu kila kizazi kilirudi kutengeneza kilichobomoka.

Tunajifunza nini

Kwanza, jengo si chuo. Tunapopiga hesabu za chuo kipya huwa tunaanza na mabati. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu. Tuhesabu vitabu, mishahara ya walimu kwa miaka mitano, maji na umeme, na kibali cha serikali. Kijana anayepewa diploma isiyotambuliwa ameibiwa, hata kama aliyempa alimwombea.

Pili, umoja. ULC ilianzishwa na makanisa mengi pamoja. Leo kila jumuiya inataka chuo chake, na katika mji mmoja utakuta vinne, vyote na mwalimu yule yule anayekimbia kati yao. Bukavu tuna mfano wa kutazama: Université Évangélique en Afrique, iliyozaliwa na CEPAC mwaka 1991. Wanafunzi wake wa udaktari hujifunza katika hospitali ya Panzi, na miongoni mwa walimu wao ni daktari Denis Mukwege, ambaye kabla ya hapo aliongoza hospitali ya Lemera katika milima yetu mpaka ile siku ya mauaji, tarehe 6 Oktoba 1996. Lemera ilianguka, Panzi ikainuka. Chuo na hospitali vinashikana mikono, na ndivyo elimu inavyowafikia wagonjwa.

Tatu, tusikisahau kile tulichopanda kwa sababu tu hakina tena jina letu. Wanafunzi wa UNIKIS ni watoto wetu. Wanahitaji sharika zinazowapokea Jumapili, na familia moja inayowapa chakula siku ya mgomo. Danieli na wenzake walisoma katika shule ya mfalme wa kigeni, wala hawakuacha kuwa wa Mungu.

Maswali kwa vikundi

1. Katika usharika wenu kuna vijana wangapi walio chuoni mbali na nyumbani? Nani anajua majina yao na namba zao za simu?
2. Kama makanisa ya kanda yetu yangeweka pamoja fedha ya kila chuo kinachotakiwa, yangeweza kujaza maktaba moja?
3. Ni kazi gani ndogo, kama kile kitivo kilichotolewa mlangoni, inayohitaji kutunzwa sasa ili watoto wetu wale matunda yake?