Umbali wa raia na mlango wa serikali

Machi 14, 1922, polisi wa serikali ya kikoloni walimkamata Harry Thuku mjini Nairobi. Kijana huyo, aliyekuwa mpokezi wa simu katika ofisi ya Hazina, alikuwa ameongoza chama cha East African Association na kuzunguka akipinga kipande (kitambulisho cha lazima), kodi ya vibanda na kazi za kulazimishwa kwa wanawake na wasichana. Punde umati ulijaa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na kilipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo. Wengi walikesha hapo. Machi 16 wajumbe wao walikwenda kuonana na wakuu wa serikali, wakarudi na kuwasihi watu waende nyumbani.

Mary Muthoni Nyanjiru alikataa. Aliinua nguo zake mbele ya wanaume, tendo ambalo kwa Wakikuyu ni tusi lisilo na kifani, akawaambia kwamba kama wameingiwa na woga basi wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Waliokuwepo walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa, na Thuku akapelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Historia ya sheria za fujo na ulinzi wa majengo ya serikali nchini Kenya inafaa kuanzia hapo, kwa sababu swali lililoulizwa kwa damu siku hiyo halijajibiwa mpaka leo: raia anaruhusiwa kufika wapi anapokwenda kuilalamikia serikali yake?

Wakati wa Thuku, koloni lilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, ambayo ilihitaji watu watano ndipo mkusanyiko uitwe haramu. Agosti 1930 Kenya ilipata sheria yake yenyewe ya makosa ya jinai, ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 63, na humo watatu wanatosha. Tena si lazima watatu hao wawe wametenda jambo. Inatosha kwamba wana nia moja na mwenendo wao unawafanya watu wa karibu, kwa sababu za msingi, wahofie kuwa amani itavunjwa. Kosa linapimwa kwa hofu ya anayetazama. Katika koloni ambako mlowezi aliuogopa mkusanyiko wowote wa Waafrika, kipimo hicho kilikuwa hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo ndicho kinachojulikana zaidi na wanaopanda kizimbani baada ya maandamano: kuzua rabsha kwa namna inayoweza kuvunja amani, kifungo cha hadi miezi 6. Na kifungu cha 82 kinampa kinga ofisa anayetawanya wanaofanya ghasia baada ya ilani ya kuwataka watawanyike kusomwa: asishtakiwe hata kama nguvu aliyotumia imeua, mradi ilihitajika kuushinda upinzani. Mizizi ya ilani hiyo iko Uingereza, kwenye sheria ya ghasia ya 1714, ambayo iliwapa watu 12 au zaidi saa moja ya kutawanyika, na anayebaki alikabiliwa na adhabu ya kifo. Ilani hiyo tumeirithi.

Sheria ya Utaratibu wa Umma ikafuata mnamo 1950. Baada ya uhuru, wale waliokuwa wameumizwa na sheria hizi waliingia ofisini na kuzikuta mezani. Wakaziacha. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na mkuu wa wilaya aliyenyima leseni hakuwa na wa kumwajibisha. Sheria ya maeneo yaliyolindwa, nayo ya kikoloni, ilimruhusu waziri kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba mahali fulani haingii mtu bila ruhusa. Mtu alizoea kupita mbele ya jengo la serikali akitazama chini.

Februari 28, 1992, akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikwenda ofisi ya Mwanasheria Mkuu kudai waachiliwe. Walifuata utaratibu: waraka mkononi, mlango uleule ambao sheria inasema ndio wa kubishwa. Kisha wakaenda kungoja jibu katika bustani ya Uhuru, bila kula, pamoja na Profesa Wangari Maathai. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na vitoza machozi, wakampiga Maathai hadi akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi. Miaka 70 baada ya Nyanjiru, mwanamke Mkenya alikuwa bado hajapewa na sheria silaha nyingine zaidi ya mwili wake. Walihamia kanisa kuu la All Saints na kukaa humo kwa muda mrefu. Mapema 1993 wengi wa wana wao waliachiliwa.

Mageuzi ya 1997 yaliondoa leseni na kuweka taarifa: anayeandaa mkutano anamjulisha mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Taarifa si ombi. Hata hivyo polisi wameendelea kutamka kwamba maandamano fulani “hayajaruhusiwa”, kana kwamba leseni haikufutwa. Kisha katiba ya 2010, ibara ya 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lisiwafungie wananchi mlango isipokuwa kwa sababu za kipekee.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Agosti 7, 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu zaidi ya 200 katikati ya Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini katika majengo jirani. Hakuna mwenye akili anayetaka lango lisilo na askari baada ya hayo. Lakini upekuzi langoni ni jambo moja na kumfukuza raia barabarani ni jingine, na serikali imezoea kutumia hofu ya bomu kuhalalisha hilo la pili.

Juni 25, 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bunge, na sehemu ya jengo ikateketea. Waandamanaji waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kuchoma jengo la umma ni kosa, na sheria ya kuliadhibu ilikuwepo tangu zamani. Juni 25, 2025, vijana waliporudi kuwakumbuka wenzao, barabara za kuelekea Bunge na Ikulu zilikuwa zimefungwa kwa seng'enge za wembe.

Mwaka huohuo mbunge Esther Passaris alipendekeza kuirekebisha Sheria ya Utaratibu wa Umma ili maandamano yapigwe marufuku ndani ya mita 100 za Bunge, mahakama na maeneo yaliyolindwa. Mita 100 zinasikika kama kitu kidogo kwa asiyeifahamu Nairobi. Ukichora duara la namna hiyo kuzunguka Bunge, jingine kuzunguka Mahakama ya Juu, kisha waziri akatangaza Harambee House, Hazina na Sheria House, iliko ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kuwa maeneo yaliyolindwa, maduara hayo yanagusana na kupandana. Sehemu kubwa ya Harambee Avenue imekwisha. Akina mama wa 1992 wangekuwa wahalifu kabla hawajaufikia mlango wa Mwanasheria Mkuu.

Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini ibara ya 24 inamtaka anayeiweka athibitishe kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lake. Njia hizo zipo: askari wanaotambulika kwa majina na nambari zao, ofisa wa Bunge anayetoka kupokea waraka langoni, marekebisho ya kifungu cha 82 ili anayeua ajibu mahakamani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji raia asogezwe nyuma mita moja.