Jitegemea ni urithi wa Uskoti

Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA), alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee akawaomba wasitishe kuyatumia makanisa ya Dunia ya Tatu wamishonari na pesa kwa muda usiopungua miaka mitano. Mwito huo wa kanisa kujitegemea ndio Jitegemea. Wapo waliomwona Gatu mtovu wa fadhila, na wengine bado huisimulia hotuba ile kama mwangwi wa siasa za uhuru. Siasa zilikuwamo, halikataliki. Lakini hoja yenyewe, kwamba mlipaji wa mhubiri akiwa mbali na waumini basi uamuzi nao utahamia kwake, Wapresbiteri wa Uskoti waliipigania zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kenya kupandisha bendera.

Sheria ya 1712 iliwarudishia mabwanyenye wa Uskoti haki ya kuwateulia waumini mchungaji. Kijiji kikimkataa, shauri yao. Ndipo tarehe 18 Mei 1843, katika mkutano mkuu wa kanisa mjini Edinburgh, David Welsh aliyekuwa moderata akasoma waraka wa kupinga, akauacha mezani, akatoka nje na wenzake wakamfuata. Wachungaji zaidi ya 450 waliacha mishahara na nyumba zao wakaunda Kanisa Huru. Thomas Chalmers, kiongozi wao, alikwisha kupiga hesabu: waumini wachange peni moja kwa wiki, zote ziingie mfuko mmoja, mchungaji wa kijiji maskini naye apate riziki. Kule Strontian, ambako mwenye ardhi aliwanyima kiwanja, waumini waliagiza kanisa la chuma linaloelea, wakawa wanaenda ibadani kwa mashua. Husimuliwa kwamba umaarufu wa mhubiri ulipimwa kwa jinsi chombo kilivyodidimia.

Mtu atasema bwanyenye wa kulazimisha hafanani na ndugu wa ng'ambo anayetoa kwa moyo mweupe. Pingamizi hilo ni zito, na anayelijibu ni Kanisa Huru lenyewe. Likiwa bado changa lilituma wajumbe Marekani, wakachangiwa takriban pauni 3,000 katika majimbo ya utumwa. Mwaka 1846 Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, aliizunguka Uskoti akidai pesa zile zirudishwe. Hazikurudishwa. Hakuna mfadhili aliyetoa amri, ila Chalmers, ambaye hakuupenda utumwa, alikataa kuvunja ushirika na wenye watumwa. Mkono uliopokea ulikuwa umekwisha kuutia ulimi uzito.

Wengine huuliza hospitali za misheni, kama za Kikuyu, Tumutumu na Chogoria, zingeendeshwaje kwa sadaka za Jumapili. Tena huongeza, kwa haki, kwamba Baraza la Makanisa ya Afrika Yote liliuunga mkono mwito wa Gatu mjini Lusaka mwaka 1974 huku lenyewe likiwategemea sana wafadhili wa nje. Kweli tupu, lakini hiyo ni hoja ya kusaidia wodi na dawa, si ya kulipia mimbari. Upungufu wa Jitegemea naona uko kwingine. Ililenga mfadhili wa mbali, ikamsahau wa nyumbani: mwanasiasa anayefika Jumapili na bahasha ya harambee, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti kabla mchungaji hajahubiri. Huyo anamkaribia bwanyenye wa 1843 kuliko mmishonari yeyote.