Chuo Kilichovutwa na Nyumbu

Ukisikia kwamba vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi sasa vinatoa shahada mtandaoni, ni rahisi kudhani ni mambo ya juzi tu, yaliyoletwa na korona. Mimi naona mtandao ndio mpya, wazo ni la kale. Lilitembea kwanza kwa nyumbu. Si nyumbu wa Maasai Mara, la, yule anayezaliwa na punda na farasi.

Mwaka wa 1906, huko Alabama, Chuo cha Tuskegee kilitoa gari la kukokotwa na nyumbu, limejaa majembe, mbegu na vifaa vya maziwa. Aliyelibuni ni George Washington Carver, yule mwanasayansi wa njugu karanga. Tajiri wa New York, Morris Jesup, alitoa pesa na gari likaitwa kwa jina lake. Thomas Campbell akapanda, akaenda vijijini kufundisha. Kwa nini? Kwa sababu mkulima mweusi aliyelima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno hangeweza kuiacha pamba ati anaenda chuoni. Basi chuo kikamfuata.

Uzito wa jambo hili uko nyuma zaidi. Sheria ya South Carolina ya 1740 ilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika. Cheyney, chuo kikongwe kuliko vyote hivi, kilianzishwa Pennsylvania mwaka wa 1837 kwa dola 10,000 za wasia wa Richard Humphreys. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja vingine: Howard na Morehouse mwaka wa 1867, Hampton 1868, Tuskegee 1881. Kwa watu hawa, kusoma kulikuwa ni kudai kile walichonyimwa kwa sheria.

Sisi Wakenya tuna deni letu hapo. Mbiyu Koinange aliingia Hampton mwaka wa 1927. Aliporudi, akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichoanza mwaka wa 1939 kwa michango ya wananchi, ambacho serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka wa 1952. Vitabu angeweza kutumiwa kwa posta. Lakini naamini kuna kitu hakiingii kwenye bahasha: kuamka kila asubuhi mahali ambapo mwanafunzi mweusi si mgeni.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Februari 1, 1960, wanafunzi wanne wa chuo cha North Carolina A&T waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, Greensboro, mahali ambapo watu weusi hawakuhudumiwa. Siku zilizofuata wenzao wakajaa, na miji mingine ikaiga. Uamuzi ule ulipikwa bwenini, kwa maongezi ya usiku. Je, vijana wanne wanaoonana kwenye skrini tu, kila mmoja kazima kamera yake, wangethubutu?

Lakini ngoja, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka wa 2021 Morehouse, chuo cha wanaume alichohitimu Martin Luther King Jr. mwaka wa 1948, kilitangaza masomo ya mtandaoni kwa wanaume walioanza shahada wakaishia njiani. Fikiria mtu wa miaka arobaini, ana watoto, ana zamu ya usiku, na karo ilimshinda akiwa kijana. Huyo ndiye mkulima wa pamba wa leo. Kumwambia arudi bwenini ndiyo apate elimu kamili ni kumfungia lango mara ya pili.

Kwa hivyo sipingi skrini. Ninachouliza ni kitu kimoja: gari la Tuskegee halikupeleka majembe peke yake. Lilikuwa na mwalimu aliyeshuka, akasimama udongoni pamoja na mkulima, akamwonyesha. Chuo kinachorekodi video, kikakusanya karo, kisha kikamwacha mwanafunzi na mkopo na upweke wake, hakijarithi gari lile hata kama jina lake ni la miaka 150. Chenye mwalimu anayepiga simu kuuliza mbona umepotea wiki mbili, hicho ndicho mrithi. Shahada ikifika kwako kwa waya, tazama kwanza ni nani aliyeshuka nayo.