Maumivu na Usawa: Somo la Historia Kutoka Karatu

Sisi wakufunzi wa siasa tumezoea kuyapima maendeleo ya afya kwa hesabu: zahanati ngapi, vituo vingapi, watoto wangapi wamechanjwa. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini katika semina moja ya viongozi wa matawi tuliyoiendesha Karatu, mama mmoja mkulima alituuliza swali ambalo hesabu zetu hazikulijibu. Mume wake aliugua saratani ya koo. Aliambiwa amrudishe nyumbani, kwani hakuna la kufanya tena. Alimuuguza miezi mitatu, na dawa aliyokuwa nayo ni vidonge vya dukani vya kutuliza kichwa. "Mnatufundisha kwamba binadamu wote ni sawa," alisema. "Je, hata wanapokufa?"

Swali hilo halijibiwi kwa pole. Linajibiwa kwa kuitazama historia.

Ramani ya mkoloni

Mkoloni hakujenga hospitali palipo na wagonjwa. Alijenga palipo na maslahi yake. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya Wazungu. Huku kwetu, katika miaka ya 1920 na 1930, walowezi walitwaa ardhi nzuri ya Oldeani na Karatu wakalima kahawa. Mwananchi alihesabiwa kama nguvu kazi. Tiba yake vijijini iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na mahali ambapo misheni haikufika, hapakuwa na kitu.

Azimio na mipaka ya kazi yetu

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufumbua macho kuhusu miji kuinyonya vijiji. Matunda yake yalionekana. Vituo vya afya vijijini vilikuwa 22 wakati wa Uhuru. Kufikia mwaka 1980 vilizidi 200. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaingiza wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Mkazo ulikuwa kinga, na kwa nchi maskini mkazo huo ulikuwa sahihi.

Hata hivyo hatuna budi kujikosoa. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hakupata nafasi katika mipango yetu. Tiba ya saratani ilibaki Ocean Road, ambayo mwaka 1996 ilifanywa Taasisi kwa sheria ya Bunge, na kwa miaka mingi tiba ya mionzi haikupatikana penginepo nchini. Tuliwafungulia wananchi wote mlango wa jengo la mkoloni, lakini ramani yake hatukuibadilisha.

Tiba shufaa

Tiba shufaa ni kumtuliza mgonjwa maumivu, kumtunza kwa heshima na kuisaidia familia yake, hata pale ugonjwa usipoponyeka. Mwaka ule ule wa Azimio, Daktari Cicely Saunders alifungua kituo cha namna hiyo huko London. Nairobi ilipata chake mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kwetu, hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza mwaka 1999 kuwafuata wagonjwa majumbani, na hospitali nyingine za kanisa zikafuata.

Kazi hii haidai mitambo mikubwa. Silaha yake kuu ni mofini ya kunywa, yaani unga unaochanganywa na maji, na bei yake si ya kutisha. Kwa nini basi haimfikii mgonjwa wa kijijini? Mkataba wa dunia wa mwaka 1961 ulizitaka nchi zifanye mambo mawili: kuzuia matumizi mabaya ya dawa hizo, na kuhakikisha zinapatikana kwa wenye maumivu. La kwanza lilishikwa kwa nguvu, la pili likalegea. Kwa muda mrefu hospitali za mikoani zilitegemea mofini iliyotengenezwa Ocean Road. Majirani zetu Waganda walikata fundo hilo mwaka 2004, walipowaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika wenyewe.

Tumtazame sasa mfugaji wa Endulen. Ili afike Karatu ni lazima apite nyanda za juu za Ngorongoro. Kutoka Karatu hadi Arusha ni kilomita zipatazo 140. Lami ilifika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watalii hupita juu yake kila siku. Kituo cha saratani cha KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 2016, kimepunguza safari ya Dar es Salaam. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mgonjwa aliyelala juu ya ngozi bomani hapandi basi.

Wajibu wetu

Kwa hiyo dawa na ujuzi ndivyo vinavyopaswa kusafiri. Muuguzi wa zahanati afunzwe kupima maumivu kama anavyopima homa. Mofini ihesabiwe na kulindwa, lakini ifike wilayani. Na halmashauri inaposoma taarifa yake ya afya, sisi makada tuulize: wagonjwa wasiopona wako wapi, na nani anawatembelea?

Yule mama hakudai mumewe aponywe. Alidai alale. Usawa usiomfikia mtu katika usiku wake wa mwisho bado haujakamilika, na kazi ya kuukamilisha ni yetu.